Maskini Mwenye Chombo: Historia ya Neno Moja Hadi Kahama

Pita stendi ya mabasi ya Kahama asubuhi yoyote, neno maskini halichelewi kukufikia. Kijana ameteleza na bodaboda, mama mwenye ndoo ya matunda anashika kiuno: "Masikini ya Mungu!" Hamaanishi kwamba kijana hana mali, pikipiki pengine ni yake, na shamba analo. Anamwonea huruma. Hatua chache mbele wapiga debe wanatupiana maneno, mmoja anamwita mwenzake maskini jeuri. Na katika ofisi ya kata ipo orodha ya kaya maskini, ambamo neno hilohilo halina huruma wala tusi. Ni sifa ya kupokelea ruzuku.

Maana hizi hazikuzaliwa siku moja wala mahali pamoja. Zimepitia Mesopotamia, Uarabuni, pwani yetu, njia za misafara, majukwaa ya TANU na mashimo ya dhahabu. Nimeifuata safari hiyo kwa sababu moja. Waswahili wa pwani walifundishwa na wanazuoni wao kwamba maskini ni mtu mwenye kitu, ila hakimtoshi. Huku kwetu, kwenye ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, neno limesogea polepole hadi kumaanisha mtu asiye na kitu kabisa. Tofauti hiyo inaonekana ndogo ukiisoma kwenye kamusi. Kwa mtu anayeamriwa kuhama, ni kubwa sana: aliyekwisha kuhesabiwa kuwa hana kitu, nani atamuuliza amepoteza nini?

Kutoka Babeli hadi pwani yetu

Mfalme Hammurabi wa Babeli, aliyetawala miaka zaidi ya 3,700 iliyopita, aliacha sheria zilizochongwa kwenye jiwe. Zinataja watu wa daraja tatu: bwana, mushkenu, na mtumwa. Mushkenu hakuwa mtumwa. Alikuwa mtu huru wa daraja la chini, na thamani yake iliandikwa. Aliyemtoboa bwana jicho naye alitobolewa jicho. Aliyemtoboa mushkenu jicho alilipa mina moja ya fedha, karibu nusu kilo. Tabibu aliyemponya bwana kwa kisu alipata shekeli 10, kwa mushkenu 5, kwa mtumwa 2. Wataalamu wengi wanalirudisha neno hilo kwenye kitenzi cha kuinama na kusujudu. Mushkenu ni mwenye kuinama mbele ya mkubwa.

Kutoka huko neno lilisambaa kama maji. Lilipita katika Kiaramu, likaingia katika Kiebrania, na kwa Waarabu likawa miskini. Waarabu walipotawala Hispania na Sisilia, Wazungu nao wakalichukua, lakini kwao likageuka tabia: kwa Wahispania mezquino ni bahili, kwa Waitalia meschino ni mtu mdogo wa roho, na kwa Wafaransa mesquin ni mwenye choyo. Kusini na mashariki halikushuka hivyo. Lilibaki na heshima ya dini.

Qurani, katika Sura ya Tisa, aya ya 60, inawataja mafakiri na masikini kama watu wawili tofauti wanaostahili zaka. Je, nani kazidiwa zaidi? Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, aliona maskini ndiye mwenye hali mbaya zaidi. Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, aliona kinyume: fakiri hana, maskini anacho kidogo. Ushahidi wake ulitoka Sura ya Kahf. Humo kuna kisa cha safari ya Nabii Musa na mtu mwenye elimu ambaye wafasiri humwita Khidhri. Wanapanda jahazi, na Khidhri analitoboa. Musa anashangaa. Baadaye anaelezwa kwamba jahazi lile lilikuwa la masikini wanaofanya kazi baharini, na mbele yao kulikuwa na mfalme anayenyang'anya kila chombo kizima. Khidhri alilitia ila ili lisichukuliwe.

Hoja ya Shafii ni nyepesi kuielewa. Watu wale wana jahazi, na bado Qurani inawaita masikini. Kwa hiyo kuwa na chombo cha kazi hakumtoi mtu katika umaskini, na kuwa maskini hakumaanishi huna cha kunyang'anywa. Pwani ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ilishika madhehebu ya Shafii, na mafundisho hayo yalikuwa chakula cha madarasa. Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayo wa karne ya 13, alieleza kwamba fundi maskini anaweza kupewa zaka ya kununulia zana za ufundi wake. Naliona hilo kuwa fundisho la uchumi lililokomaa sana: usimpe samaki tu, mpe na ngalawa, na ukimkuta na ngalawa usidhani ametajirika.

Njia ya misafara, 1850–1916

Kiswahili kilipanda bara begani mwa wapagazi. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800, na Wanyamwezi waliutembea kwa maelfu kila mwaka wakibeba pembe za ndovu kwenda, na nguo, shanga na nyaya za shaba kurudi. Mwaka 1858 John Hanning Speke alimwacha mwenzake Richard Burton huko Kazeh, yaani Tabora, akashika njia ya kaskazini kulitafuta ziwa ambalo baadaye alilipa jina la malkia wake. Njia hiyo ilikata nchi hizihizi zinazozunguka Kahama ya leo.

Watu wa nchi hizo hawakuwa watazamaji wa biashara ya wengine. Wasumbwa, jirani na ndugu wa Wanyamwezi, walifuata shaba hadi Katanga, na mmoja wao, Msiri, akajenga huko utawala mkubwa ulioanguka alipouawa mwaka 1891. Upande wa Geita, Walongo walifua majembe ya chuma yaliyouzwa mbali, hadi Tabora. Mpagazi naye alikuwa mtu wa mkataba. Alipatana ujira, akapewa posho ya njiani, na juu ya mzigo wa tajiri aliongeza kifurushi cha biashara yake mwenyewe. Tazama vizuri watu hawa. Kwa kipimo cha Shafii wengi wao walikuwa masikini hasa: wana jembe, wana kifurushi, wana nguvu, na havitoshi.

Ndani ya Kiswahili cha misafara neno lilipata sauti ya bara. Wengi huku hutamka masikini, wakiipa kila konsonanti irabu yake. Mwaka 1891 wamisionari wa White Fathers walifungua kituo Ushirombo, leo makao ya Wilaya ya Bukombe, na dini ya Kikristo nayo ikalitumia neno hilohilo: maskini wa roho, na maskini Lazaro mlangoni kwa tajiri. Lazaro huyu ni wa namna nyingine. Hana jahazi wala jembe. Ana vidonda, na anangoja makombo. Sidhani kama nakosea nikisema kwamba kwa wasikilizaji wengi wa bara sura ya maskini ilianza hapo kuwa sura ya mtu aliyelala mlangoni, badala ya mtu aliye kazini.

Pigo jingine lilitoka serikalini. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Mtu aliyekuwa na ng'ombe, ghala la mtama na wake wawili wa kulima alijikuta hana, kwa sababu hakuwa na rupia. Waliofuata nyayo za baba zao njiani sasa walikwenda kwa kulazimika, na baadaye, chini ya Waingereza, wengi waliishia kwenye mashamba ya mkonge wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba. Umaskini ukaanza kupimwa kwa sarafu.

Taifa maskini, 1940–1976

Dhahabu ya Geita ilichimbwa kwa mtaji wa kigeni kuanzia 1936 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, na eneo lile likazungushiwa uzio na kuwekewa ulinzi mkali. Waliopenya usiku kutafuta mawe waliitwa wabeshi, jina ambalo watu wa Shinyanga wanalitumia mpaka leo. Methali ya Kiswahili ilikuwa tayari inawangoja: maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Mzee yeyote wa vijiji vya karibu na Mwadui atakueleza methali hiyo bila kufikiri, maana ameiona kwa macho.

TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 lugha ya siasa ilihitaji jina la watu wengi wasio na sauti. Likapatikana kabwela. Kabwela hakuwa wa kuhurumiwa. Alikuwa wa kuhesabiwa, mwenye kadi ya chama na kura. Baada ya Uhuru, Julius Nyerere alitangaza maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Ona badiliko hilo. Maskini alikuwa mtu; umaskini umekuwa adui, na adui hupigwa vita.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwenda mbali zaidi. Lilisema kwamba nchi nzima ni maskini, na kwamba kosa lilikuwa kuchagua fedha kuwa silaha ya kupigania maendeleo wakati fedha ndicho kitu tusichokuwa nacho. Pia lilitaja unyonge kuwa chanzo cha kuonewa na kunyonywa. Maneno haya mawili yalifika pamoja na hayakuachana tena, ingawa si ndugu. Maskini ni la kuja na halibadiliki: mtu maskini, watu maskini, nchi maskini. Nyonge ni la Kibantu na hupatanishwa: mnyonge, wanyonge, hali nyonge. La kwanza hutazama mfuko, la pili hutazama nguvu.

Kwa miaka michache kuwa maskini halikuwa jambo la aibu, kwani sote tulikuwa hivyo, na uadilifu wa kiongozi ulipimwa kwa kutokuwa na nyumba ya kupangisha. Hilo lilikuwa jambo kubwa, nami nalithamini. Lakini lilikuwa na upande wa pili. Taifa likishakuwa maskini kwa ujumla, kile kidogo cha mtu mmoja mmoja hakionekani. Mwaka 1974, operesheni ya kuhamia vijijini ilipopita Shinyanga, watu waliacha nyumba, miembe na majaluba yao ya mpunga. Hakuna aliyeandika orodha.

Bulyanhulu, 1976–2001

Kilomita chache kutoka mji mdogo wa Kakola, katika nchi ya Msalala, Wilaya ya Kahama, dhahabu ya Bulyanhulu ilijulikana katikati ya miaka ya 1970, na shirika la madini la taifa, STAMICO, likafanya utafiti. Walioishi juu ya dhahabu hiyo, hata hivyo, ni watu wa kawaida. Uchumi ulipodorora miaka ya 1980 na pamba kushindwa kumlipa mkulima, wengi waliacha jembe wakashika nyundo. Hii ndiyo miaka iliyozaa neno mlalahoi, mtu anayerudi nyumbani hoi na kulala hoi. Serikali ya awamu ya pili ililegeza masharti, na mwaka 1990 ikaanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei ya kuvutia kupitia benki. Habari ikaenea, na ikitoka habari ya namna hiyo watu husema kuna rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu.

Inafaa kueleza duara ni nini, kwa sababu asiyelijua huliita shimo. Duara huanza kama kisima. Linateremshwa hatua kwa hatua hadi kuukuta mwamba wenye dhahabu, kisha linafuata mwamba huo popote unapokwenda. Kuta hushikiliwa na matimba, magogo yaliyopangwa kwa ufundi, na fundi wa matimba ni mtu wa kuheshimiwa kwa sababu uhai wa wenzake uko mikononi mwake. Chini, mchimbaji anagonga mwamba kwa patasi iitwayo moko na nyundo. Mawe yanapandishwa kwa kamba ndani ya viroba. Yanasagwa, zamani kwa mikono ya wanawake waliokaa chini kuyaponda, siku hizi kwa karasha. Unga unaoshwa kwenye mwalo, kinachobaki kinachanganywa na zebaki, kinachomwa, na mwisho wake ni punje inayopimwa kwa gramu. Udongo uliooshwa hautupwi. Ni marudio, una thamani, na una mwenyewe.

Mwenye duara halipi mshahara. Hutoa posho, neno lilelile la misafara, pamoja na matimba, baruti na mashine ya kuvuta maji. Viroba vikitoka hugawanywa kwa mafungu yanayojulikana: la mwenye eneo, la mwenye duara, la wachimbaji. Inaweza kupita miezi sita watu wakila tu bila kuona kitu. Duara moja ni akiba ya watu kumi au ishirini, wengine wakiwa wameuza ng'ombe ili kuingia. Ni mali kamili, ila haina hati.

Mwaka 1994 Serikali ilitoa haki za eneo hilo kwa Kahama Mining Corporation, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Wachimbaji walikuwa bado pale kwa maelfu. Mwaka uliofuata mgogoro ulifika Mahakama Kuu, Tabora. Mwishoni mwa Julai 1996 Serikali iliamuru watu waondoke, na Agosti maduara yakafukiwa. Yaliyotokea siku hizo yamebaki jeraha. Wachimbaji na ndugu zao walidai kwamba watu zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni walikanusha vikali. Wanasheria wa LEAT, shirika la kutetea mazingira, wakiwemo Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, walikusanya ushuhuda na kudai uchunguzi huru. Ofisi ya Benki ya Dunia inayoshughulikia malalamiko, ambayo ilihusika kwa sababu tawi la benki hiyo lilitoa dhamana kwa mradi mwaka 2000, haikuyakubali madai hayo katika ripoti yake ya 2002. Uchunguzi huru uliodaiwa haukufanyika.

Naamini ulipaswa kufanyika, kwa ajili ya waliodai na kwa ajili ya waliotuhumiwa. Lakini nataka kusema jambo jingine ambalo ubishi kuhusu vifo ulilifunika. Kwamba watu walikuwa na maduara, na kwamba maduara yalifukiwa, halina mbishi. Jasho, matimba, mashine, ng'ombe waliouzwa, marudio yaliyokuwa yamelundikwa, vyote vilikwenda. Katika taarifa nyingi za miaka ile watu hao waliitwa wavamizi, na ukiwa mvamizi huwezi kuwa umepoteza kitu. Jahazi la Sura ya Kahf liliokolewa na mtu aliyeona mbele. Huku hakukuwa na wa kuyatia ila maduara ili mwenye nguvu ayaache.

Barrick ya Kanada iliinunua Sutton mwaka 1999, na Rais Benjamin Mkapa akaufungua mgodi wa Bulyanhulu mwaka 2001. Kahama ikapata umeme wa uhakika zaidi, nyumba za wageni, benki na bei mpya za viwanja. Mji ulikua haraka. Waliofukuzwa hawakwenda mbali; walitawanyika wakafungua maduara kwingine.

Nyangalata, 2015

Mwaka 2015 ulikuwa mgumu kwa wilaya hii. Machi, mvua ya mawe ilipiga Mwakata na kuua watu 42. Aprili, maji yaliingia kwenye maduara ya Kalole na wachimbaji 19 wakafa. Kisha tarehe 5 Oktoba, katika machimbo ya Nyangalata, udongo uliporomoka na kuwafungia wachimbaji 6 chini.

Juhudi za kuwafikia zilishindwa, na ndugu wakaanza kukubali kwamba wamekufa. Tarehe 15 Novemba, siku ya 41, watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wamekula mizizi, mende na vyura, na kunywa maji yaliyotiririka kwenye mwamba. Mwenzao mmoja alikuwa amefariki humo chini, na mmoja wa waliookolewa naye alifariki baadaye hospitalini. Picha zao, ngozi juu ya mifupa, macho yakikwepa mwanga, zilizunguka dunia nzima.

Nchi nzima ilisema masikini! Huruma hiyo ilikuwa ya kweli, na Kiswahili kina utajiri wa pekee hapa, kwamba neno moja fupi linabeba machozi yote. Lakini huruma humaliza kazi yake upesi. Ilipoisha, ilipasa yabaki maswali ya kiufundi: matimba ya duara lile yalikaguliwa lini, nani alikuwa mwenye leseni, kwa nini machimbo ya maelfu ya watu hayana kikosi cha uokoaji kilicho karibu. Mchimbaji anayefahamika tu kama mtu wa kuhurumiwa huletewa uji na shuka. Anayefahamika kama mfanyakazi mwenye ujuzi na mali huletewa mkaguzi kabla ya ajali.

Wanyonge, 2007–2020

Mgodi wa pili mkubwa wa Kahama, Buzwagi, uko karibu kabisa na mji. Mkataba wake ulitiwa saini London mwaka 2007, na mbunge Zitto Kabwe alipouhoji bungeni Agosti mwaka huo alisimamishwa. Nchi ilichemka. Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, na kutokana na mjadala huo ikapatikana Sheria ya Madini ya 2010, ambayo iliendelea kuwahifadhia Watanzania leseni ndogo za uchimbaji. Buzwagi ilianza uzalishaji mwaka 2009 na ilikoma mwaka 2021.

Mjadala huo ulipoendelea miaka iliyofuata, neno lililopanda chati halikuwa maskini. Lilikuwa mnyonge. Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato katika ukanda huuhuu, alijitambulisha kama mtetezi wa wanyonge, na neno likawa la kila siku redioni, kwenye khanga, kwenye vijiwe vya kahawa. Machi 2017 alizuia mchanga wenye madini, makinikia, usisafirishwe nje. Makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya uchunguzi ya Profesa Abdulkarim Mruma ikatoa ripoti Mei, ya Profesa Nehemiah Osoro Juni, na Julai Bunge likapitisha sheria mpya za umiliki wa rasilimali. Kampuni ya Acacia, tanzu ya Barrick iliyoendesha Bulyanhulu na Buzwagi, ilipewa madai ya kodi ya dola bilioni 190. Mwaka 2019 Barrick iliichukua Acacia yote, na Januari 2020 yalitiwa saini makubaliano yaliyoipa Serikali asilimia 16 ya hisa za migodi kupitia kampuni ya Twiga Minerals.

Kwa mchimbaji mdogo badiliko kubwa lilikuwa jingine, tena lisilo na kelele. Mwaka 2019 zilifutwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye madini yake, na yakafunguliwa masoko ya madini, la kwanza Geita mwezi Machi, na Kahama likafuata. Kabla ya hapo mwenye gramu tatu alimtafuta broka usiku, akapimiwa kwa mizani asiyoijua, akapokea bei aliyotajiwa. Sokoni mizani iko mezani, bei ya siku imebandikwa, na risiti inatolewa. Risiti ile ni karatasi ya kwanza inayosema kwamba dhahabu hii ilikuwa ya fulani. Katika historia yote niliyoieleza, naiona kuwa hatua iliyomkaribia zaidi maskini wa Shafii.

Hata hivyo, jina la mnyonge lina gharama yake. Mnyonge anahitaji mtetezi, na mtetezi akiondoka, kama Magufuli alivyofariki Machi 2021, kinachobaki ni kile kilichoandikwa kwenye sheria tu. Wahenga walilijua hilo waliposema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Walitaka haki, na haki haingoji mtu mwema awepo madarakani.

Kaya maskini, 2012 hadi leo

Agosti 2012 Serikali ilizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Kijiji hukutana, majina hutajwa hadharani, watu hujadili nani anastahili, kisha dodoso huthibitisha. Baada ya karne nyingi neno limekuwa tena daraja linalotambuliwa na dola, kama enzi za Hammurabi, safari hii kwa ajili ya kumsaidia aliyemo. Mpango huu umewafikisha watoto shuleni na wajane kliniki, na anayeubeza hajakaa na mjane mwenye wajukuu wanne.

Tatizo liko kwenye kipimo. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini yake. Kwa mkulima au mwajiriwa kipimo hicho kinasema kitu. Kwa kaya ya machimbo, ambayo huweza kupata laki nane wiki moja na kisha kukaa miezi mitano ikiishi kwa posho ya mwenye duara, wastani wa mwezi hausemi lolote.

Matokeo yake ni haya. Katika mkutano wa kijiji mchimbaji huonekana anacho, kwa sababu ana moko, ana fungu kwenye duara, ana sehemu ya mashine ya maji. Jina lake halisomwi. Mwaka ujao eneo lilelile likipata mwekezaji, huonekana hana, kwa sababu hana hati ya ardhi wala nyumba ya tofali. Jina lake halisomwi tena. Ofisi moja inamwona na mali nyingi mno hata asisaidiwe, nyingine inamwona na mali kidogo mno hata asifidiwe. Mtu ni mmoja, na chombo chake ni kilekile.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa ofisi za madini za mkoa, halmashauri za Kahama, Msalala na Ushetu, na makampuni yenye leseni kubwa. Kabla mchimbaji mmoja hajaambiwa aondoke, orodha iandikwe na isainiwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: urefu wa duara, idadi ya matimba, mashine ya maji, karasha, viroba vilivyoko juu, marudio yaliyolundikwa, na majina ya wote wenye fungu. Thamani ipangwe, na malipo yafanyike kabla ya tingatinga kuwashwa. Na mchimbaji unayesoma hapa, usingoje ofisi. Nunua daftari, andika vitu hivyo leo na wenzako, pateni muhuri wa mtendaji wa kijiji, na kila mmoja abaki na nakala.